Nta kwenye Platini

Mjukuu wangu Tatu, marahaba. Bibi yako amepona kikohozi, anakusalimu.

Unauliza ununue nini, maana gari lako halitoi cheche tangu injini isafishwe. Enzi za Mwingereza, lori lilikataa kuwaka pale Ipole, na mama alikuwa ameshikwa na uchungu, anangojwa hospitali Tabora. Dereva alijaribu plagi, hakuna cheche. Akafungua kifuniko, akakuta platini, vile vyuma viwili vinavyogusana kupitisha umeme wa cheche, vimepakwa kitu cha manjano.

"Nani kagusa hapa?"

Baba, mrina asali, akajibu, "Mimi. Nimeziba kwa nta mvua isiingie, kama mzinga."

"Mzee, humu hamna nyuki."

Akavisugua kwa petroli, lori likawaka. Mdogo wangu Lusia alizaliwa Tabora, saa tisa alasiri.

Kabla ya kununua chochote, muulize aliyekusaidia kusafisha injini kama hakupaka kitu humo.

Babu yako