Yatoeni Mawe Chini ya Reli

Kambi ya Reli,
Karibu na Isaka

Mdogo wangu Mbonea,

Marahaba. Najua hujaniamkia, na kwa hasira ulizonazo usingeniamkia hata tungekutana mlangoni kwa mama, lakini mimi ni dada yako na shikamoo yangu naidai hata kwa mbali. Hujambo wewe? Mkeo Nakijwa hajambo? Na kile kikohozi cha mtoto kimeisha? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Jua la huku linashinda la Same, vumbi linaingia mpaka kwenye mswaki, na mpishi wa kambi anatupikia kitu anachokiita makande, mahindi matupu, maharage unayatafuta kwa tochi. Nakula, nanyamaza.

Naandika barua, kitu ambacho sijakifanya tangu shule, kwa sababu hupokei simu yangu. Inaita mpaka inachoka yenyewe. Ujumbe unausoma, alama naziona, kisha kimya. Basi Elineema, ninayefunga naye nondo, amepewa likizo anakwenda kwao Hedaru, nimemwomba ateremke kwako kwanza akukabidhi karatasi hizi mkononi. Nimemwambia asiondoke mpaka umezisoma zote. Mpe chai.

Siku uliponitumia zile picha tulikuwa tumepumzika chini ya turubai, na nilizipenda, sikatai. Tuta la reli lililoliwa na mafuriko, lile lililotukatia treni ya Arusha na kuacha vyuma vinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo, nikaliona limesimama tena. Juu yake kitongoji kizima, kwaya ya usharika na sare zao, na wewe mwenyekiti katikati umeshika kiuno. Umepiga pembe ya msaragambo, watu wakateremka kutoka mlimani na wengine wakaja kutoka tambarare, kila nyumba na jembe lake, mkabeba mawe mpaka shimo likajaa. Nikawaonyesha wenzangu. Nikawaambia, mnawaona Wapare? Sisi tukichoka kusubiri tunapiga pembe, na asiyetoka anatozwa faini. Msukuma mmoja akauliza kama mnaweza kuja kumchimbia na yeye choo.

Kisha nikaitafuta kalavati, lile tundu la maji linalopita chini ya reli pale kwenye korongo. Nikaikuza picha kwa vidole, nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia. Hakuna tundu. Kuna mawe, na udongo umeshindiliwa vizuri kabisa juu yake, na wewe umesimama hapo unacheka. Nikakupigia simu hapo hapo.

Mbonea, hiyo ndiyo kazi yangu. Reli hii mpya ya umeme watu wanapiga picha kichwa cha treni kilivyochongoka, wanasifia mwendo. Mimi treni yenyewe sijaipanda. Mimi nashinda nimeinama na koleo na waya, nasuka nondo za matundu ya maji. Penye korongo, hata kama limekauka mpaka mbuzi wanalala ndani, tunaweka tundu. Siku za mwanzo nilimuuliza fundi mkuu, hapa maji yatoke wapi, mbona tunajisumbua? Akasema hajui yatatoka wapi, anachojua ni kwamba yakija yatataka kupita. Ndiyo elimu yote niliyonayo ya reli, sina nyingine, na ndiyo niliyojaribu kukupa kwenye simu.

Nawe ukanijibuje? "Dada, wewe unafunga nondo, si injinia."

Sawa. Nikakuuliza, "Na mliojaza mawe, injinia wenu alikuwa nani? Mwalimu wa kwaya?"

"Kalavati ilishavunjika. Ilikuwa imeinama upande, inatia uchungu kuitazama. Tungeiachaje?"

"Iliyoinama ilikuwa inapitisha maji! Hamkujenga reli nyie, mmejenga bwawa."

Hapo ukanikatia simu. Mimi niliyekubeba mgongoni! Basi kama neno bwawa lilikuuma, nisamehe kwa neno, lakini kwa jambo lenyewe sikuombi msamaha ng'o. Hebu tazama mwenyewe. Mafuriko yaliyopita yalibomoa tuta, ni kweli, lakini maji yakapata pa kutokea yakaenda zake mbugani. Nyumba ya mama, pamoja na kuwa pale kwenye kona ya korongo upande wa mlimani, haikuguswa. Safari hii yakishuka kutoka mlimani Shengena yatakuta ukuta. Yatasimama, yatapanda, yatatafuta mlango, na mlango wa karibu kuliko yote ni wa mama. Baada ya hapo ni wa mzee Kiangi, na shule.

Usidhani nakugombeza wewe tu. Hasira nyingine nimezimalizia kwa watu wa reli ya huko nyumbani, kwenye simu, mpaka vocha imeisha. Nilimpata dada mmoja, sauti tamu kabisa, akaniambia mambo ya tuta ni ya matengenezo, yeye anahusika na abiria. Nikamwambia abiria wenyewe hawapo, treni imekatika. Akasema ndiyo maana, mama, hawezi kunisaidia. Matengenezo nao wakaniambia wanalijua eneo hilo, liko kwenye mpango, mkandarasi hajapatikana, na isitoshe reli yote kutoka Tanga kuja Arusha itajengwa upya ya kisasa, kwa hiyo tuwe na subira. Nikauliza lini. Wakasema itatangazwa.

Yaani tangu nina akili zangu hiyo ndiyo hadithi. Kila kinachovunjika kwenye reli yetu kinasubiri reli mpya. Tawi la Kahe kwenda Taveta limeota vichaka, linasubiri. Vituo vidogo vilifungwa milango tukiwa watoto, vikaambiwa visubiri. Treni ya abiria iliporudi baada ya miaka yote ile ya ukimya tulicheza barabarani, unakumbuka, mama akauza vitunguu vyake vyote dirishani kwa abiria kabla kichwa hakijapiga honi. Sasa imekatika tena. Na mimi nimo huku kwa watu, nawasukia nondo za reli watakayopanda wao, wakati kwetu msumari mmoja tu haupatikani. Inaniuma, Mbonea. Kuna siku nafunga waya nalia, Elineema anadhani ni vumbi.

Kwa hiyo usinifikirie kwamba sielewi kwa nini ulipiga pembe. Ulichoka. Uliahidi kwenye uchaguzi kwamba treni itasimama tena, watu wakakuuliza kila ukienda dukani, na ofisini wakakuzungusha kama walivyonizungusha mimi. Ukafanya kilichofanywa na babu zetu kwa mifereji na barabara zote za mlimani, ukawaita watu. Hilo halina kosa hata kidogo. Kosa ni lile tundu tu.

Ila sasa nasikia umealika mgeni rasmi! Eti aje akate utepe juu ya tuta, mbuzi ameshafungwa, turubai limeshakodiwa. Mbonea, mdogo wangu, una wazimu? Reli ile hujaijenga wewe, na treni haitapita juu ya mawe yale hata ukimleta nani. Watakuja wakaguzi siku moja, watayaona, wataanza kuuliza nani kagusa njia ya reli, na jina litakalotajwa ni la mwenyekiti. Hata hilo silitilii maanani sana kwa sasa. Ukiitwa Same kuhojiwa nitaomba ruhusa nije tukae wote kwenye benchi. Maji hayaiti mtu kumhoji.

Ruhusa nimeshaiomba, kama unajiuliza kwa nini naandika badala ya kuja. Msimamizi kasema zege la daraja haliwezi kusimama, anayetaka kuondoka aondoke moja kwa moja. Nikiondoka moja kwa moja ada ya wanao na wangu itatoka wapi?

Ninachokuomba ni kimoja, nacho ni kigumu, najua. Piga pembe tena. Waite watu wale wale, na majembe yao yale yale, waje kuyatoa mawe waliyoyabeba. Siyo yote. Tuta liacheni lilivyo. Fungueni pale kwenye korongo tu, mpaka mwanga uonekane upande wa pili, na udongo mtakaoutoa msiurundike mdomoni mwa tundu, upelekeni mbali. Watanuna, tena watanuna sana. Mzee Kiangi atauliza kama mwenyekiti ameanza kunywa. Wanakwaya watasema migongo bado inawauma. Waambie dada yako wa reli kasema. Nitukane mimi mbele yao kadiri upendavyo, sema ni mwanamke mjuaji, amekwenda Isaka amerudi na kiburi, mradi majembe yawe yanachimba wakati unasema.

Huku wanatuambia mvua za kwenu zimeshaanza kunyesha mlimani kidogo kidogo. Usisubiri Jumapili.

Nisalimie Nakijwa, mwambie kitenge chake kipo kwenye mfuko wa Elineema. Msalimie mama mdogo wa Chome, alivyonilea simsahau. Mpe pole mjomba Senzota kwa mguu wake, na shemeji wa dukani mwambie asikukopeshe turubai lolote. Watoto wabusu.

Mama sikutumi umsalimie, kwa sababu nimeongea naye asubuhi hii, na nilitaka hili ulisome mwishoni ukiwa umekaa. Nilimwambia akusanye vitu vyake apande Chome kwa mama mdogo mpaka mvua zipite. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza habari ya tundu, nikidhani namletea jambo jipya.

"Namkunda," akasema, "hilo korongo nimeishi nalo tangu naolewa. Unadhani sijui maji yanapita wapi? Niliona siku ile ile."

Nikamuuliza, "Sasa mbona hukusema, mama?"

"Walikuwa wanaimba. Na mdogo wako alikuwa na furaha, sijamwona hivyo tangu baba yenu afariki."

Nikamwambia basi ondoka, mama, nakuomba. Akakataa. Akasema akionekana anapanda mlima na magodoro, kabla ya jioni kitongoji kizima kitakuwa kinasema hata mama yake mzazi hamwamini mwenyekiti. Hawezi kumwaibisha mwanawe. Atabaki pale pale, ndani ya nyumba yake, mpaka wewe mwenyewe useme mawe yatoke.

Hakutaka nikwambie. Nimekwambia.

Dada yako akupendaye,
Namkunda