Lorine, Leso Niliilowesha Mimi

Mwaka mmoja umekwisha, Mama Sheryl, tangu corona ikuchukue na watu wa afya wakuzike hapa Kisian kwa haraka, sisi tukisimama mbali. Hata mama yako Rosa hakupata nafasi ya kukulilia vile mama hulilia mtoto.

Ulikuwa fundi. Pale Nyamasaria, mtoto wa jirani hangepita mlangoni kwako na sare imeraruka. Mimi ulinicheka, "Baba Sheryl, suruali yako ina madirisha mawili, unapangisha?" Halafu unanivua, unashona.

Kiwandani mlishona maski za watu wengine kutwa nzima, na nyinyi mkapewa moja kwa wiki. Mlikaa bega kwa bega, madirisha yamefungwa, ati vumbi itachafua kitambaa. Wakubwa walijifungia ofisini. Supavaiza akasema, "Mwenye joto aende kwao, na asirudi hapa." Hao nawalaumu mpaka leo, na sitaacha.

Lakini kuna jambo sijaambia mtu. Jumatatu ile uliamka mwili unachoma. Ukasema, "Baba Sheryl, leo wacha nilale." Ni mimi nilikujibu, "Ukilala, mashine yako watapea mwingine." Nikakubeba na baiskeli. Karibu na geti nikalowesha leso yako na maji baridi, nikakuwekea kwa paji la uso mpaka likapoa. Askari akakuelekezea kile chombo cha kupima joto, akasema, "Uko sawa mama, ingia." Ukanigeukia ukacheka kidogo, kama mtu amewaweza. Na mimi nikacheka.

Jumamosi pumzi ilikuishia.

Anyango, yule mlishona naye meza moja, alilazwa pia. Yeye Mungu alimponya. Kila Jumapili kanisani ananishika mkono, "Pole shemeji, wale watu walitumaliza." Mimi naitikia tu, "Walitumaliza."

Leo akisoma tangazo hili la kukukumbuka atajua. Sheryl naye atajua. Wao walifunga madirisha, ni kweli. Lakini kwa geti ni mimi nilikupitisha. Anyango, nisamehe. Mama Sheryl, wewe sijui nitakuomba vipi.

Suruali imeraruka tena palepale. Naivaa hivyo hivyo.

Tunaokukumbuka ni mumeo Opondo, watoto wako Sheryl na Joram, mama yako Rosa, na wote wa boma hili. Hatutakusahau, Lorine. Mimi hata nikitaka, siwezi.