Turubai la Watu wa Runinga

Makole, Dodoma

Kwa mwanangu Amina,

Asalaam aleykum, mwanangu. Uko mzima? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa asubuhi? Ukienda kuchota maji jifunge kanga mbili, upepo wa huko Kolo mimi naujua. Bibi yako mpe shikamoo yangu, umpe ukiwa umemshika mkono, usimrushie ukiwa mlangoni kama mtu anayekimbizwa. Muulize miguu inamfanyaje siku hizi, na kama anamaliza chakula au anawaachia kuku. Mjomba wako Idi mpe shikamoo, mwambie dada yake anamkumbuka. Mkewe Hawa msalimie sana, na yule mtoto wao mchanga nisiyemjua sura, mpakate kwa niaba yangu. Mwalimu wako wa madrasa msalimie. Mzee Salimu jirani mpe shikamoo, na muulize kama yule mbuzi wetu bado anaingia kwenye mihogo yake. Kama nimemsahau mtu, mwambie hakusahauliwa, ni kichwa tu.

Mimi ni mzima. Naamka, napika, nakula kidogo, nalala. Hivyo ndivyo nilivyo tangu ile habari ya kaka yako.

Barua zako zote mbili kondakta wa basi alinipa. Nilizisoma. Sikujibu kwa sababu kila nikishika kalamu mkono unakuwa kama wa mtu mwingine. Umeniuliza nitakuja lini tumsomee Rajabu hitima. Umesema bibi yako amekataa isisomwe bila mimi, na mjomba wako anasema mvua zikianza watu wote watakuwa mashambani. Nimeelewa mwanangu. Na lile la watu kuanza kuniita Mama Amina huko nyumbani kwa kunionea huruma, wasilitaje jina la Rajabu, nalo nimelisoma. Nitakujibu, lakini kwanza kuna jambo.

Hapa ulipofika, kama bibi yako yuko karibu, acha kusoma kwa sauti. Mwambie mama anaeleza mambo ya mapishi. Soma peke yako mpaka mwisho, kisha mweleze polepole, akiwa ameshakula.

Nitaonekana kwenye runinga. Najua pale dukani barabarani wameweka ungo na jioni watu hujaa. Wataniona nimekaa kwenye mkeka, na mbele yangu kijana amelazwa kitandani, amefunikwa shuka jeupe gubigubi. Huyo si maiti. Ni mzima, anakula mikate mitatu asubuhi. Lakini bibi yako atakimbiliwa na watu wenye midomo, waseme binti yako kafiwa tena Dodoma. Au wewe utakuwa umeenda kuchota maji na yeye yuko peke yake. Hilo ndilo linaloninyima raha. Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa ili ujue cha kumwambia.

Hii gesti ninayopikia ilipata wageni kutoka Dar es Salaam, wale waigizaji wa ule mchezo wa mama wa kambo. Nyinyi huko sijui kama mnaufuata. Hapa siku ya mchezo Makole nzima inahamia kwenye nyumba zenye runinga, wengine wanachungulia dirishani. Walikuja na magari mawili, mitambo, nyaya, taa, na kijana mmoja mwenye kofia anayewaongoza wote, wanamwita Dairekta. Mimi sikushangaa chochote. Niliuliza tu wangapi wanakula nyama na wangapi hawali.

Yule mama wa kambo mwenyewe, anayemnyima mtoto chakula kwenye mchezo, jina lake hasa ni Rehema. Mpole mno. Siku ya pili alinifuata sokoni anibebee kapu. Ikawa balaa. Mwuza nyanya alimtazama kuanzia miguuni akasema, "Wewe nyanya zangu huli."

Rehema akasema, "Dada, mimi nanunua kama wengine."

"Mtoto wa watu umempa maganda juzi, leo unataka nyanya? Kampe maganda mwenzio."

Wanawake wakaangua kicheko, mwingine kutoka kwenye dagaa akapaza sauti, "Muulize yule mtoto yuko wapi! Mtoto yuko wapi, mchawi wewe?"

Rehema akawajibu, "Yule mtoto yuko Dar, anasoma, na mama yake mzazi ni rafiki yangu." Hawakumwamini. Nyanya nikanunua mimi. Njiani akawa anacheka, halafu akaniambia, "Mama Kondoa, hata sokoni kwetu ni hivi hivi."

Maana hapa wananiita Mama Kondoa, kwa wilaya niliyotoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza jina la mwanangu wa kwanza, na mimi sikulitoa. Siku ile simu ilipopigwa gesti, dereva wa lori ndiye aliyesema, kwamba gari lilipinduka, kwamba Rajabu ameshazikwa kule Tunduma na Waislamu wenzake, kwa heshima zote. Niliweka simu. Wali ulikuwa motoni, nikaenda kuugeuza. Wageni wakala, wakasifu. Sikumwambia mtu wa hapa. Wala sikutandika mkeka nikae wanipe pole. Ningewaambia nini? Kaburi sikuliona, nguo zake sikuzifua, chozi halikuja. Nilikuwa nangoja lije ndiyo niwaambie watu. Likaacha kuja.

Basi, wale watu wa maigizo walitaka kupiga picha ya msiba. Kwenye mchezo wao kuna kijana anakufa, mama yake amekaa anamlilia. Wakaomba ua wetu, mama mwenye gesti akakubali. Wakafunga turubai nje kuelekea barabarani, wakapanga mabenchi, wanaume wa kwao wakakaa na kofia za kiua, wameinamisha vichwa. Ndani uani wakatandika mikeka, wakaweka kitanda cha kamba, yule kijana akalala akafunikwa. Sasa yule aliyetakiwa awe mama wa marehemu tumbo lilimkamata tangu alfajiri, hatoki chooni. Dairekta akaja jikoni anafuta jasho.

"Mama, nisaidie. Ukae tu pale na ulie kidogo. Hutasema chochote."

Nikamwambia maharage yapo motoni.

"Nitakuwekea mtu ayaangalie."

Nikafunga kanga nikaenda kukaa. Amina, sijui kwa nini nilikubali. Pengine kwa sababu mkeka ulikuwa umeshatandikwa na mtu mwingine.

Wasichana wa maigizo walianza kulia kwa sauti, wanajua kweli kulia wale. Mimi nikawa natazama vidole vya miguu ya yule kijana chini ya shuka. Dairekta akasema, "Mama, lia. Lia mama, huyo ni mwanao." Sikuweza. Akasema tena, kwa sauti ya kuchoka. Rehema alikuwa amekaa karibu yangu, akamjibu bila kugeuka, "Mwache. Wengine huwa hivyo."

Wakaendelea kupiga. Hapo ndipo majirani walipoingia.

Unajua mambo yetu. Turubai limefungwa, wanaume wamekaa nje, vilio vinasikika ndani. Nani atasimama kuuliza? Mama Chiku anayeuza mkaa mtaa wa nyuma alitangulia, mkono mmoja beseni la unga, nyuma yake wanawake kama kumi, wengine na kuni kichwani. Wamejitanda, wanatembea ile ya msibani. Yule kijana wa kulinda mlango alijaribu kuwazuia, wakampita kama nguzo. Wakavua viatu. Wakaniona mimi katikati.

Mama Chiku akaweka beseni chini, akapiga magoti, akanishika mikono yote miwili. "Mama Kondoa! Pole mwenzangu. Ni mwanao?"

Nikasema, "Ndiyo."

"Yupi?"

Nikasema, "Rajabu. Wa kwanza."

"Innalillahi. Aliumwa?"

"Alikuwa utingo wa lori. Lilipinduka."

Akanikumbatia, akalia. Wakaja wote mmoja mmoja, wakanishika mkono, pole mama, pole mama, Mungu akupe subira. Nami nikawa naitikia, tumeshapoa. Mashine inaendelea, Dairekta haizuii. Alidhani ninaigiza.

Halafu akasema, "Zima." Yule kijana akainuka kutoka kwenye shuka.

Wewe! Kuni zilimwagika. Wengine walitokea mlango wa nyuma bila viatu, mmoja akajigonga kwenye tangi la maji. Mama Chiku hakukimbia. Alisimama akamtazama yule kijana, akatazama mashine, akamtazama Dairekta.

"Mnacheza na kifo? Kwenu hakuna makaburi?"

Dairekta akasema, "Mama samahani, ni maigizo, tutawaonyesha mtakavyotokea."

"Nitokee wapi na unga mkononi? Nimefunga biashara yangu!" Akambadilikia Rehema: "Na wewe mchawi, nilijua tu upo hapa." Watu wakacheka, hata Rehema. Mama Chiku akabeba beseni lake akatoka anasonya. Yule kijana aliyekuwa amelala akanijia kwa adabu. "Shikamoo mama." Nikasema marahaba. Nikamwuliza kama anataka chai. Akasema anataka. Nikaenda kumtilia.

Dairekta akanifuata jikoni. "Mama, jina halikuwa Rajabu kwenye mchezo, lakini tumeliacha. Umefanya vizuri sana. Ulisomea wapi?" Nikamwambia maharage yamekauka kwa sababu mtu wake hakuyaangalia.

Jioni wameshafungua turubai lao, Mama Chiku alirudi. Beseni analo. Akasimama mlangoni pa jiko.

"Mama Kondoa. Niulize kitu. Mtu wa maigizo angesema jina haraka haraka hivyo?"

Nikavuta sinia la mchele.

"Huyo Rajabu ni nani?"

Nikamwambia. Simu, lori, Tunduma, wali. Nilimwambia nikiwa nachambua mchele na sikuacha kuchambua. Akaweka beseni chini. Akaondoa sinia mbele yangu, akachukua ule mkeka wangu wa nyuma ya mlango, akautandika sakafuni kati ya jiko na ndoo, akanikalisha. "Tangu lini?" akaniuliza. "Mwenzangu, tangu lini umekaa nalo na mimi nakuuzia mkaa kila siku?" Akalia, Amina. Mimi nilikuwa namtazama tu. Rehema aliingia kuomba maji ya moto, akatukuta, naye akakaa bila kuuliza. Tulikaa hivyo watatu mpaka wageni wakaanza kugonga sahani.

Unga Mama Chiku aliuacha. Nilimwambia auchukue, akasema unga wa msiba ukishatoka mlangoni kwa mtu haurudi ndani, na msiba upo. Nimeufunga kwenye kitambaa. Sijaupika na sitaupika hapa. Unaniangalia kila nikiingia jikoni. Chozi bado halijaja, usije ukamdanganya bibi yako kwamba nimelia. Mwambie tu mama amepewa pole Dodoma, na waliompa ni majirani, na jina la Rajabu limetajwa mbele za watu. Hapo ataelewa. Na akisikia habari ya runinga, awe ameshaijua kutoka kwako.

Mwambie mjomba wako apange siku ya hitima kabla mvua hazijaanza. Mama mwenye gesti nimeshamwomba ruhusa, amekubali, kilichobaki ni siku. Mama Chiku anasema na yeye atapanda basi, kama ni utani sijui, lakini mwekeeni mahali pa kulala. Nakuja na huo unga, upikwe hapo nyumbani, watu wale.

Nipe jibu haraka mwanangu, usingoje kuandika barua nzuri. Siku tu, iandike hata kwenye kipande cha karatasi, mpe kondakta wa basi la kesho. Nitamngoja stendi. Mtazame bibi yako, usimwache peke yake jioni za runinga. Kunywa dawa yako ya kifua.

Na hao wanaoniita Mama Amina, waambie kwa upole waache. Wewe utakuwa na zamu yako siku nyingine.

Mimi mama yako,
Mama Rajabu