Breki ya Nyuma

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Vipi mgongo wako, umepata nafuu? Na mama, bado anakugombeza kwa kuingiza matairi sebuleni? Mimi mzima, ila bega la kushoto limevimba.

Matokeo nadhani umeyaona: nafasi ya thelathini na moja kati ya arobaini. Usinicheke. Wenzangu wa huku wameanza kuteremka milima kwa baiskeli hata meno ya utoto hayajawatoka.

Tangu nifike sikumwamini mtu. Kila timu inachungulia baiskeli za wenzake, na wakicheka wewe huelewi wanachosema. Kwa hiyo kila jioni baiskeli naipeleka chumbani kwangu, mlango naufunga kwa ufunguo. Sasa sikia ajabu: kila asubuhi breki ya nyuma laini kama mkate uliolowa. Fundi wetu, yule rafiki yako uliyemwombea nafasi, anaitengeneza, inashika vizuri mchana kutwa, kesho yake laini tena.

Nikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Mara mbili nilimkuta ananong'ona na fundi wa timu jirani, nikisogea wananyamaza. Kisha akaniuliza kwa nini siiachi baiskeli kwenye hema la timu, na huko chumbani naiweka vipi. Nikamjibu kwamba hayo hayamhusu. Moyoni nikasema, huyu ana lake jambo, na ufunguo wa akiba wa chumba changu anao yeye.

Siku moja kabla ya mashindano nikaenda kwa kocha. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nimemwona kwa macho yangu akilegeza breki. Fundi akaitwa. Hakupayuka. Alifuta mikono kwa kitambaa, akanitazama, akasema tu, "Dada mdogo, mimi?" Kocha akamvua kitambulisho, na mchana ule ule akapelekwa uwanja wa ndege.

Asubuhi ya mashindano breki ilikuwa laini vilevile. Fundi alishaondoka, kaka, na breki laini! Niliteremka hivyo hivyo. Kwenye mwamba wa pili nikabana, gurudumu halikushika, nikarushwa, nikaangukia bega. Niliinuka nikamaliza.

Aliyeniokotea baiskeli ni yule fundi wa timu jirani, mwanamke mnene mcheshi. Alibonyeza breki, akaniuliza naiwekaje. Nikamwambia chumba ni chembamba, naipindua magurudumu juu. Akajishika kichwa. Alisema breki hizi za mafuta ukizipindua hivyo usiku kucha, hewa inaingia kwenye bomba. Akaongeza kwamba fundi wetu alikuwa akimwomba mafuta ya breki kila siku, na alikuwa anaona aibu kuonekana akiomba.

Kaka, sikumwona akilegeza kitu. Nilisema uongo kwa sababu niliogopa ule mwamba, na nilitaka awepo wa kulaumiwa kabla sijaanguka.

Nimeshamwambia kocha. Akanipa karatasi niandike yote kwa mkono wangu, nikatia sahihi. Ameniondoa kwenye mashindano yajayo. Sikubisha.

Rafiki yako atakuwa ameshafika. Nenda ukamwone, lakini usiniombee msamaha wala usinitetee. Mwambie nakuja Alhamisi, na nitaanzia kwake kabla ya kufika nyumbani. Akinifungia mlango, nitakaa nje.

Mbusu mama, umwambie bega litapona.

Ni mimi mdogo wako,
Kichwa Ngumu