Neno la Wagiriki na Presha ya Rehema

Jumanne, baada ya isha

Bado nalishangaa lile neno. Daktari kasema mwanangu Rehema, na mimba yake hii, ana haipatensheni, yaani presha imepanda. Mama Bijou, jirani yake Mkongo huku ughaibuni aliyetupeleka hospitali, akasema hata kwa Kifaransa chao neno hilo linaanza na haipa. Muuguzi, mama wa Kihispania, naye akasema kwao vilevile.

“Haipa ni Kigiriki, Mama,” Rehema akanieleza. “Maana yake kupita kiasi.”

Subhanallah. Wagiriki wa kale walilitamka, mataifa yakapokezana, hadi likamfikia mwanangu.

Naogopa. Ijumaa anapimwa tena. Ng'onda, samaki mkavu niliyombebea kutoka Tanga, chumvi tupu, nimempa Mama Bijou.

“Mama, mchuzi mbona hauna chumvi?”

“Iliyomo mwilini mwako inatosha, mwanangu. Kula.”