Mashine ya hewa ya dada

Swahiba, nimechoka mwili na roho. Unamjua dada yangu kwa usafi. Tangu anunue mashine ya kusafisha hewa, anapiga deki kwa klorini huku madirisha yamefungwa, eti mashine itaimeza harufu.

Mtoto wake kutwa anakohoa. "Ni vumbi," dada anasema, na kuongeza klorini!

Leo, nikiwa kwao, fundi aliyeitwa kuikagua mashine kaifungua. "Mama, chujio bado limo kwenye nailoni yake."

Kwenye nailoni! Miezi yote hiyo!

"Kumbe tulinunua feni," shemeji akasema. Hakuna aliyecheka.

Fundi akaongeza taratibu, "Hata bila nailoni, mama, klorini inataka dirisha wazi."

Dada hakubisha, yeye anayebishana hata na redio. Alifungua madirisha yote, akampakata mtoto, akamtegea sikio kifuani.

Bado anasikiliza, nami hata kuaga nimeshindwa.