Linki za Ijumaa na Hereni za Ng'ombe

Ijumaa, 6 Juni

Linki zangu za kila Ijumaa zimetoka kwenye kundi la simu saa moja asubuhi, kabla sijafungua duka. Nne. Tamthilia mpya ya hospitali. Namna ya kujua kama simu yako inasikilizwa. Mwanasiasa wetu anayetaka kiti cha wadi, na picha zake za kampeni. Mashine ya kukamua inayoongea, ya kuchekesha tu. Chini ya kila moja maoni yangu. Kundi lina watu sitini na kitu, wengi wateja wa agroveti yangu, duka la dawa za mifugo, na niliosoma nao. Wananiamini. Sijawahi kuwatumia uongo, na hilo najivunia kuliko hata duka.

Kisha jambo la ajabu. Akaingia mama wa Giakanja kununua dawa ya kupe. Anacheka peke yake. "Ati huyo daktari wa TV anavaa koti nyeupe hata akienda kuchinja mbuzi!" Maneno yangu, neno kwa neno. Simu yake ni ya vibonye na hayuko kwenye kundi. Nikamuuliza ameyasikia lini. Jana jioni, sokoni.

Jana jioni yalikuwa rasimu kwenye simu yangu. Nilikuwa sijayatuma kwa mtu yeyote.

Jumamosi, 7 Juni

Nimebadilisha nambari ya siri. Nimefuta programu tisa. Dalili ya kupelelezwa, inasema ile linki, ni betri kuisha haraka. Yangu inaisha haraka. Lakini pia imezeeka.

Nambari mpya nimempa Nyambura, mke wangu. Simu hulala jikoni kwenye chaji, na binti yetu Kui akipiga kutoka shule ya bweni lazima mtu apokee. Kwa hiyo tunaijua wawili tu.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya kanisa tukaenda Giakanja kwa wakwe. Mzee Gathogo, baba yake Nyambura, haoni tena, macho yalimwisha mwaka jana. Nilimsalimu, akauliza mvua ya Nyeri, nikamjibu. Chai. Akauliza tena mvua. Miaka kumi na mmoja ya ndoa na hatujawahi kuvuka hapo. Mkwe ni mkwe, unakaa mbali kidogo na unajibu ulichoulizwa. Aliwahi kusema mbele yangu kwamba simu zimeharibu vijana. Nadhani alinihesabu mimi kati ya hao vijana, na mvi zangu zote.

Alhamisi, 12 Juni

Baridi kali, ukungu mpaka mchana. Nimeandika rasimu, nikaweka simu jikoni, nikaenda kufunga kuku. Kurudi, Nyambura yuko kwenye ua, pale network inaposhika. Simu yake sikioni, yangu mkononi. Anaongea chini chini. Anacheka.

Aliponiona akaishusha. Nimeuliza ni nani. "Ni nyumbani tu." Nyumbani gani ya kuongelea gizani?

Sijalala vizuri.

Ijumaa, 13 Juni

Redioni saa kumi na mbili asubuhi, yule mwanasiasa anajitetea kuhusu daraja analodai kujenga. Anasema wako watu wa Nyeri wanaodai mto wenyewe haujui kama umejengewa daraja. Hayo niliyaandika jana! Linki zilikuwa hazijatoka.

Anayemwendesha kila mahali ni Wambugu. Tulisoma dawati moja. Siku hizi anavaa kofia ya kampeni hata kwenye mazishi. Na anaimba kwaya moja na Nyambura.

Nimeyaandika hayo na sasa nayaangalia. Naona wivu. Naona hasira pia.

Jumanne, 17 Juni

Wambugu alipita dukani kunisalimu. Nilijifanya nahesabu mifuko ya chumvi ya ng'ombe. Akasema nimekonda. Amejuaje kwamba silali?

Alhamisi, 19 Juni

Nimetega. Katika rasimu nimeongeza linki ya tano, haipo, nimeibuni mimi. Kwamba kuanzia mwezi ujao ng'ombe asiye na hereni ya kielektroniki, maziwa yake hayatapokelewa popote. Nimeiandika vizuri, kama mtu wa agroveti anavyojua kuandika. Kesho alfajiri naifuta kabla ya kutuma. Nikiisikia mdomoni mwa Wambugu, nitakuwa nimemshika.

Nimeweka simu jikoni. Nyambura akaichukua. Nikamwacha.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeifuta, nimetuma nne. Siku nzima nimetega sikio. Kimya.

Jumamosi, 21 Juni

Wambugu amekuja dukani mwenyewe, bila kofia. Akaniomba tutoke nje.

Leo asubuhi kulikuwa na mkutano wa wafugaji wa maziwa Giakanja. Mzee Gathogo akasimama na fimbo yake. Akawauliza viongozi kwa nini wanawaficha watu habari ya hereni. Mwenyekiti akasema hakuna kitu kama hicho. Mzee akakaza. Watu wakaanza kucheka. Mwenyekiti akamwambia aende nyumbani apumzike, kichwa kimechoka kama macho.

"Akasema, 'Mkwe wangu ndiye ameandika. Huyo hatumangi uongo,'" Wambugu akaniambia. "Wakacheka zaidi. Mimi nilimshika mkono nikampeleka mpaka kwake."

Wambugu ndiye aliyemshika mkono. Nilitaka ardhi inimeze.

Jioni

Nimemuuliza Nyambura. Hakukataa. Tangu macho ya baba yake yaishe, kila Alhamisi anampigia na kumsomea rasimu yangu yote, mpaka vichekesho. Mzee hasubiri Ijumaa. Kisha anaenda kwenye hoteli ya chai sokoni kuwasimulia wenzake, na huko hata watu wa kampeni hunywa chai. Kwa hiyo redio nayo imepata jibu.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Mzee alimkataza. Hakutaka mkwe ajue kwamba humsubiri wiki nzima.

Halafu akauliza yeye. "Hiyo uongo uliandika ushike nani?"

Alijua. Akaenda kulala chumbani kwa Kui.

Jumapili, 22 Juni

Ameenda Giakanja peke yake. Mimi nimebaki. Aibu.

Jumatano, 25 Juni

Nimeandika, nikafuta, nikaandika. Nimemwomba Nyambura nambari ya baba yake. Miaka kumi na mmoja na sikuwa nayo kwenye simu. Ameniandikia kwenye kipande cha gazeti.

Alhamisi, 26 Juni

Ukungu umeinuka leo, mlima umeonekana wote. Saa kumi na moja jioni nilienda kwenye ua, nikapiga.

"Baba, ni mimi. Baba Kui."

Akauliza mvua. Nikasema hakuna. Nikasema nina linki za wiki hii, nikaomba nimsomee. Hakusema ndiyo, hakukata simu. Nikasoma ya kwanza. Inasema habari ya hereni ilikuwa uongo. Ni mimi niliyeibuni, kwa sababu nilimshuku mke wangu na rafiki yangu. Mzee Gathogo wa Giakanja alisema kweli alichosomewa, na wa kuchekwa ni mimi.

"Ngoja," akasema.

Nikasikia viti vikiburutwa, vikombe, mlango. Nikamsikia akiita watu, jina baada ya jina. Jina la mwenyekiti pia. Alikuwa kwenye hoteli ya chai.

"Haya. Nimeweka sauti kubwa. Soma tena kutoka mwanzo."

Nikasoma tena, polepole. Mtu mmoja alikohoa. Hakuna aliyecheka.

"Na ile ya daktari," Mzee akauliza, "wiki hii iko?"

Ilikuwepo. Nyambura alikuwa ametoka, amesimama karibu na banda la kuku, anasikiliza. Nikaendelea kusoma.